Topu ya Kitambaa cha Kuvutika kwa Kijana: Cherehani ya Kukanyaga, Zigizaga au Ovaloki?

Mlezi anayeamua kumshonea kijana wake topu ya kitambaa cha fulana hukwama mapema, pengine kabla hata hajashika mkasi, kwenye swali la mashine: je, cherehani ya kukanyaga iliyopo nyumbani inatosha, au anunue cherehani ya umeme yenye zigizaga (mshono wa kwenda huku na huku kwa pembe), au afanye subira hadi apate ovaloki, mashine ya kukata na kufunika ukingo wa kitambaa? Mimi nililijua swali hili kwa njia ya hasara. Topu ya kwanza niliyomshonea binti wa kaka yangu, akiwa na miaka 13, niliishona kama nilivyozoea kushona gauni la kitenge, kwa mshono ulionyooka, hatua ya kawaida na uzi wa pamba. Juu ya meza ilipendeza. Alipoivaa, kichwa kilipita nusu kikakwama penye ukanda wa shingo, na sauti yake ikatoka ndani ya kitambaa ikiuliza, “Shangazi, nivute au niache?” Nilimwambia avute taratibu, na kabla sijamaliza kusema nikasikia uzi ukikatika, ta-ta-ta-ta, kuanzia begani hadi nyuma ya shingo. Kitambaa hakikuchanika hata kidogo. Kilichoshindwa ni mshono.

Tangu hapo nimeshona topu za aina hii kwa mashine zote tatu, na ninazilinganisha hapa kwa kutumia vazi moja la mfano: topu ya mikono mifupi, yenye shingo ya mviringo na ukanda, ya msichana wa miaka 14 mwenye kifua cha sentimita 82, iliyokatwa kwenye jezi, yaani kitambaa chepesi cha fulana, ya pamba yenye likra (nyuzi za kuvutika) kidogo. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 au zaidi kikinunuliwa mita moja, au mita moja na robo kwa kijana mrefu, kinatosha.

Vigezo vya kulinganishia

Tofauti yote inaanzia kwenye kitambaa. Kanga na kitenge hufumwa kwa nyuzi za mtande na za mshindio zinazopishana, kwa hiyo ukivuta kwa urefu au kwa upana hakuna kinachosogea, ila ukivuta kwa mshazari. Kitambaa cha fulana kimeundwa kwa vitanzi vilivyopitishwa kimoja ndani ya kingine, na kila kitanzi kikivutwa hubadili umbo na kuongeza upana bila uzi wenyewe kurefuka. Mshono ulionyooka hauna vitanzi vya kufunguka namna hiyo. Ni nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, zinazokutana katikati ya kitambaa. Kitambaa kikirefuka kwa sentimita tatu na mshono ukakataa kurefuka, kimoja kati ya viwili lazima kishindwe, na karibu kila mara ni uzi.

Kwa sababu hiyo kigezo cha kwanza, ambacho ni kizito kuliko vingine vyote, ni mnyumbuko wa mshono pale vazi linapovutwa. Topu haivutwi sawasawa kila mahali. Huvutwa sana shingoni wakati wa kuvaa, huvutwa kwapani wakati wa kunyanyua mkono, huvutwa kwenye upindo wa chini ikiwa ni ya kubana, na haivutwi sana ubavuni kwa urefu. Begani hali ni kinyume kabisa, kwani hapo tunataka mshono usivutike, vinginevyo topu hushuka mabega baada ya kufuliwa mara chache. Kipimo cha kitambaa ni rahisi: kikunje kwa upana, weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, kisha kivute juu ya rula bila kukilazimisha. Kikifika 13 kina mnyumbuko wa asilimia 30, na kikifika 15 ni asilimia 50. Mshono nao upimwe vivyo hivyo kwenye kipande cha majaribio kabla ya kugusa vazi.

Kigezo cha pili ni sura, ya nje na ya ndani, maana kijana wa umri huu hugeuza nguo ndani nje na kuilinganisha na ya dukani hata kama hasemi. Cha tatu ni uwezekano wa kurekebisha, jambo ambalo wanaolinganisha mashine hulisahau ingawa kwa kijana lina uzito wa pekee: anayekua anahitaji nguo inayoweza kufumuliwa na kupanuliwa. Cha nne ni ujuzi na subira inayodaiwa na mashine. Cha tano ni gharama, pamoja na umeme na vipuri.

Yanayofanana kwa mashine zote

Kitambaa cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa sababu jezi ya pamba hupungua, hasa kwa urefu. Topu ya sentimita 60 ikipungua kwa asilimia 5 hubaki 57, na kwa kijana mrefu hizo sentimita tatu ndizo zinazoamua kama tumbo litaonekana anaponyoosha mkono darasani. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Ruwaza (kielelezo cha kukatia) nzuri kuliko zote ni fulana yake anayoipenda: ikunje katikati, ilaze juu ya gazeti, ifuatishe kwa kalamu, kisha ongeza nafasi ya mshono. Kipande cha sabuni ya mche iliyokauka huchora vizuri zaidi ya chaki na hutoka kwenye maji ya kwanza.

Sindano nayo haina mjadala. Inatakiwa yenye ncha ya mviringo, ile ambayo pakiti yake huandikwa Jersey au Stretch, namba 75/11 kwa jezi nyepesi na 80/12 au 90/14 kwa nzito. Sindano ya kawaida yenye ncha kali hutoboa vitanzi badala ya kupita kati yake, na vitundu hivyo huanza kufumuka baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Wapo wanaodhani kwamba sindano hizi ni za cherehani za umeme peke yake, lakini Butterfly ya kukanyaga iliyo katika nyumba nyingi hutumia sindano ya HAx1, ambayo ndiyo ile ile 130/705 H ya cherehani za umeme za nyumbani. Uzi uwe wa poliesta, si wa pamba.

Cherehani ya kukanyaga, mshono ulionyooka

Faida yake ya kwanza inajulikana: ipo tayari, mara nyingi imerithiwa, na haijali kama LUKU, umeme wa kulipia kabla, imekwisha. Vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo, na fundi wa kuitengeneza hakosekani.

Mnyumbuko wa mshono wake ni mdogo, lakini si sifuri, na hapa ndipo inapofaa kukaa kidogo kwa sababu wengi hukata tamaa mapema bila sababu. Punguza hatua ya mshono, yaani urefu wa kila mshono mmoja, hadi milimita 2, kwani mishono mifupi hubeba uzi mwingi zaidi katika kila sentimita. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, na ule wa bobini pia ikiwa unaweza kurudisha skrubu yake ilipokuwa. Legeza na skrubu ya juu ya kichwa inayokandamiza mguu wa cherehani, ili mguu usiusukume mbele kitambaa cha juu. Kisha shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano, ukivute kidogo, kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, huku ukiyaacha meno yaliyo chini ya mguu yenyewe yakisogeze. Ukivuta kwa nguvu kuliko meno, sindano hupinda, hugonga bamba la chuma lililo chini yake na kuvunjika. Ukikiachia kitambaa baada ya kushona kinarudi, na mshono unabaki na akiba ya uzi. Kwenye kipande changu cha majaribio, mshono wa sentimita 10 ulioshonwa ovyo ulikatika kabla ya kufika 11, na ulioshonwa kwa kuvutwa ulifika 12. Si nyingi, lakini kwa ubavu inatosha.

Kwa shingo haitoshi, na hakuna ujanja wa mikono utakaofanya itoshe. Njia ya busara ni kubadili mtindo wa vazi badala ya kushindana na mashine, yaani kuchagua topu ambayo haihitaji kuvutika ili ivaliwe. Kama kichwa cha binti kina mzunguko wa sentimita 55, shingo pana yenye mzunguko wa 59 au 60 ikishakamilika itapita bila kuvuta uzi wowote, na mpasuo mdogo wa nyuma wenye kifungo hufanya kazi hiyo hiyo kwa shingo ya karibu. Mwili uwe mpana, kifua kiongezwe sentimita 10 au zaidi juu ya kipimo chake, na mikono iunganike na mwili kwa mkato wa popo ili kusiwe na mshono mkali wa kwapa. Kwa bahati njema mtindo huu wa nguo pana ndio ambao vijana wengi wanaupenda sasa. Begani, mshono ulionyooka una nguvu inayotakiwa, hasa ukiambatana na utepe mwembamba usiovutika uliotandikwa juu ya mstari.

Kwa sura, nje husafika vizuri kabisa, lakini ndani ukingo unabaki mtupu. Jezi haichambuki nyuzi kama kitenge, kwa hiyo nguo haiharibiki. Ila ukingo hujikunja na kuonekana kama kazi iliyoachwa katikati. Vitambaa vya intaloki, yaani vya fulana vilivyofumwa kwa vitanzi vya pande mbili, havijikunji hivyo, na kwa mashine hii ningevitanguliza. Kupitisha mstari wa pili milimita 3 kutoka wa kwanza, ndani ya nafasi ya mshono, hutuliza ukingo na kuongeza uimara wa kwapa.

Katika kurekebisha, cherehani ya kukanyaga inazipita nyingine zote. Nafasi ya mshono ya sentimita moja na nusu ubavuni inabaki kamili, na mstari mmoja ulionyooka hufumuliwa kwa wembe katika muda wa kuchemsha chai. Sentimita moja ikitolewa kila upande wa kila ubavu, kifua kinaongezeka sentimita nne.

Upungufu mwingine ni kwamba mashine hii huwa na tabia ya kumeza kitambaa chepesi mwanzoni mwa mshono na kukiingiza kwenye tundu la bamba. Karatasi laini ikiwekwa chini ya kitambaa, kisha ikachanwa baadaye, huondoa tatizo. Kwa ujumla ndiyo mashine nyepesi kuielewa kuliko zote tatu, na ndiyo inayodai mikono tulivu kuliko zote tatu.

Inamfaa nani? Inamfaa mwenye kuimiliki tayari, anayeshona topu pana, ambaye kijana wake anarefuka kila muhula, au anayeishi mahali ambapo umeme si wa kutegemewa.

Cherehani ya umeme yenye zigizaga

Mshono wa zigizaga hukunja uzi kwa pembe, na pembe hizo hufunguka kitambaa kinapovutwa. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kadiri zigizaga ilivyo pana ndivyo ilivyo bora. Kwa kuunganisha vipande inatakiwa nyembamba sana, upana wa nusu milimita hadi milimita moja na hatua ya 2.5, ambayo kwa jicho haitofautiani sana na mshono ulionyooka. Ukiipanua hadi milimita 3 ubavuni, mshono utacheka: vipande viwili vitaachana kidogo na uzi utaonekana kwa nje kama meno. Upana wa milimita 3 au 4 ni wa upindo, na kama cherehani ina zigizaga ya hatua tatu, ambayo kila upande wa pembe hushonwa kwa mishono mitatu midogo, hiyo ni bora zaidi kwa kazi hiyo.

Mashine hii ina jambo moja linalowasumbua watu waliotoka kwenye cherehani ya kukanyaga, nami nikiwamo. Huko ulifundishwa kuvuta kitambaa. Hapa unatakiwa uondoe mikono na kukiongoza tu. Nilipokwenda na mazoea yangu, upindo wangu wa kwanza ulijaa mawimbi kama ukingo wa jani la sukuma wiki, na pasi ya mvuke iliurudisha nusu tu. Dawa ilikuwa kuacha kuvuta na kulegeza mguu.

Kwa sura ya nje, mashine hii ina silaha ambayo cherehani ya kukanyaga haina, nayo ni sindano pacha. Sindano mbili zilizo kwenye shina moja, zilizoachana milimita 4 kwa mfano, huchora mistari miwili sambamba juu, huku uzi mmoja wa bobini ukipita huku na huku chini yake na kuufanya upindo uvutike. Kijana akiona mistari hiyo miwili huwa haulizi tena kama nguo imeshonwa nyumbani. Usijaribu sindano hii kwenye cherehani ya mshono ulionyooka, kwa kuwa tundu la bamba lake ni dogo na sindano zitavunjika papo hapo. Kwa ndani, ukingo unaweza kupitishiwa zigizaga pana; husafika, ingawa haufanani na wa dukani.

Kurekebisha kunawezekana kwa sababu nafasi ya mshono inabaki, lakini kufumua zigizaga nyembamba iliyozama ndani ya jezi nyeusi ni adhabu. Fanya mchana, karibu na dirisha.

Kuhusu gharama, jambo la kutazama kwanza ni kwamba mashine hii si ya topu peke yake: inashona sare za shule, inatoboa matundu ya vifungo, inaweka zipu. Anayenunua iliyotumika kutoka nje asome kibao kilicho karibu na waya kabla ya kulipa. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni ya 120, na umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Ikichomekwa bila transfoma huungua. Tahadhari hiyo ni ya ovaloki pia.

Inamfaa mwenye nafasi ya mashine moja tu nyumbani, anayetaka topu yenye kubana kiasi na shingo ya kawaida, na asiyeshona kwa wingi kiasi cha kuhitaji kasi.

Ovaloki ya nyumbani

Ovaloki hukata, huunganisha na kufunika ukingo kwa pamoja. Kisu kinatangulia na kupunguza kitambaa, sindano moja au mbili zinashuka, na vyuma viwili vyenye kubeba uzi vinauzungusha ukingo. Kampuni ya Merrow ya Connecticut, Marekani, ilipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1889, na fulana iliyo mwilini mwako sasa hivi, ukiigeuza, ina mshono wa ukoo huo. Kwa mnyumbuko haina mshindani, kwa kuwa nyuzi zake zimezunguka kama vitanzi vyenyewe. Nyuzi nne ndizo za kuunganishia topu. Tatu zinatosha kwa kufunika ukingo.

Kitu kinachostahili sifa zaidi, nacho hakitajwi sana, ni meno yake ya makundi mawili, ya mbele na ya nyuma, yanayoweza kwenda kwa mwendo tofauti. Ukiyaweka kwenye 1.3 hadi 1.5, ya mbele huingiza kitambaa haraka kuliko ya nyuma yanavyokitoa, na yale mawimbi ya sukuma wiki hayatokei. Kasi nayo ni ya kuheshimu, kwani hata za nyumbani hupita mishono 1,000 kwa dakika, na ubavu mmoja huisha kabla hujavuta pumzi.

Kasi hiyo ndiyo hatari yake. Kisu hakirudishi kilichokata. Mkunjo wa mkono uliojificha chini ya ubavu ukipita hapo, umetoboa nguo mpya. Pini iliyosahaulika huharibu kisu. Kwa sababu hiyo piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda kwa mkono, mvishe kijana, rekebisha, ndipo upitishe ovaloki. Na kwa kigezo cha kurekebisha ndiyo dhaifu kuliko zote, maana baada ya kisu kupita hubaki milimita 6 au 7 tu, ambazo haziwezi kutoa chochote. Topu ya kubana iliyoshonwa kwa ovaloki Januari kwa msichana anayekua ikimkataa Agosti, atakayeifaidi ni mdogo wake.

Sura ya ndani ni ya dukani kabisa. Hata hivyo ovaloki ya kawaida haishoni ule upindo wa mistari miwili wa fulana za dukani. Huo ni wa mashine nyingine. Mwenye ovaloki peke yake atalazimika kuweka ukanda chini badala ya upindo, au kuwa na cherehani ya pili. Wala haiweki zipu, wala haitoboi tundu la kifungo.

Kutunga uzi kuna mpangilio wake, na ukikosea hatua moja uzi hukatika kila baada ya sentimita chache. Siku ya kwanza itumike kwa hilo tu, kwenye fulana kuukuu za mitumba. Kuhusu koni nne za uzi, si lazima zote zifanane na kitambaa: za sindano ndizo zinazochungulia nje, na za chini zinaweza kuwa nyeupe, za kijivu au nyeusi. Kwa topu moja ya rangi adimu, jaza bobini mbili kutoka kwenye kibunda kidogo cha uzi na uziweke badala ya koni za sindano.

Inamfaa mwenye cherehani nyingine tayari, anayeshona nguo za kuvutika kila mwezi, au mwenye vijana wanaocheza na kukimbia na kutaka nguo za kubana zisizopasuka.

Njia ya nusu kwa nusu

Watu wengi wa kwetu wanaunganisha njia mbili bila kuiita kitu chochote: wanashona nyumbani, kisha wanampelekea fundi wa ovaloki mtaani amalizie kingo kwa malipo kidogo. Ni njia nzuri, kwa sharti la kusema waziwazi unachotaka. Wakati mmoja niliacha topu bila maelezo, nikaikuta imependeza na imepungua. Fundi alikuwa amekata sentimita moja kwenye kila kipande, mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kifua cha 86 kikawa 82. Lawama ilikuwa yangu. Siku hizi husema, “Pitisha pembeni tu, kisu kiguse tu ukingo,” na huuliza mapema ana koni za rangi gani, kwa sababu wengi hufunga nyeupe asubuhi na hawabadilishi hadi jioni.

Shingo kwa mashine zote tatu

Kama kuna sehemu moja inayoweza kukata shauri, ni hii. Tuseme shingo ya topu yetu, ikipimwa kwenye mstari wa mshono, ina mzunguko wa sentimita 56. Ukanda wa jezi hiyo hiyo ukatwe kwa asilimia 85 ya urefu huo, yaani karibu sentimita 48, ukiongeza sentimita moja kila ncha unapata 50. Ukanda wa ribu, kitambaa cha mistari iliyoinuka, unaovutika zaidi, unaweza kushuka hadi asilimia 80 au chini kidogo. Upana wa sentimita 5 ukikunjwa mara mbili na kushonwa kwa nafasi ya milimita 7 huacha ukanda wa sentimita 1.8 unaoonekana. Ukanda na shingo vyote vigawanywe robo nne kwa alama za sabuni, alama zikutanishwe, kisha uvutwe ukanda peke yake hadi ulingane na shingo. Ukivuta na shingo, itabaki imefunguka kama mdomo wa mfuko.

Cherehani ya kukanyaga haiwezi kuushona ukanda huu kwa usalama, kwa kuwa lazima uvutike kutoka 48 hadi zaidi ya 55 kila mara kichwa kinapopita, na huo ni mnyumbuko wa karibu asilimia 15 kila siku ya kuvaa. Zigizaga nyembamba inauweza, tena kwa utulivu, kwa sababu unaweza kusimama kwenye kila alama na kuangalia. Ovaloki inauweza zaidi, ila kuanza na kumaliza kwenye duara dogo, huku kisu kikifanya kazi, ndiko kunakowatoa jasho wanaoanza. Ndiyo maana hata wenye ovaloki wengi huutangulizia ukanda zigizaga, halafu hupitisha ovaloki juu yake.

Kwa hali yako

Ikiwa una cherehani ya kukanyaga na fedha za kununua nyingine hazipo, usisubiri. Nunua intaloki, kata topu pana yenye shingo ya sentimita 60 na mkato wa popo, acha nafasi kubwa ubavuni, na kingo zipelekwe kwa fundi wa ovaloki ukitaka. Ukilazimika kushona shingo ya karibu, weka mpasuo na kifungo.

Ikiwa unanunua mashine ya kwanza, na topu ni sehemu tu ya kazi za nyumba, zigizaga itakutumikia kwa mambo mengi zaidi. Tenga fedha kidogo za sindano pacha na pakiti mbili za sindano za ncha ya mviringo kabla ya kufikiria mapambo mengine.

Ikiwa kijana ni mwanamichezo au mcheza ngoma, na kitambaa kina likra nyingi, mishono ya mashine mbili za kwanza itakuwa inafukuzana na kitambaa. Hapo ovaloki ina haki yake, iwe yako au ya mtaani. Ikiwa amepanda sentimita kadhaa mwaka huu na bado anapanda, chagua mashine inayoacha nafasi ya mshono, hata kama ndani hapatapendeza sana.

Na ikiwa kijana mwenyewe anataka kushona, asianzishwe na ovaloki. Mpe zigizaga na fulana mbili kubwa za mitumba azikate na kuziunganisha upya, kwa sababu kosa kwenye zigizaga hufumuliwa. Binti wa kaka yangu sasa ana miaka 15 na hukata mwenyewe. Kabla ya kushona ukanda wa shingo huufunga kwa pini mbili, akaupitisha kichwani mbele ya kioo akiwa amefumba macho, na ukipita ndipo ananiuliza, “Shangazi, leo tunatumia ipi?”